Siku Mtani Alipomwita Bwana

Ukishuka Mingoyo, pale barabara inapogawanyika, moja ikishika njia ya Mtwara na nyingine ikipanda Masasi, usimtafute Eusebio kwa sura. Mtafute kwa miguu. Yule ambaye miguu yake haitulii ndiye huyo. Hata akiketi kwenye benchi la kinyozi kungoja zamu, kisigino kinapiga chini kama anapima mdundo, na kweli anaupima. Mama yake, Mama Katarina, aliyeteremka na familia yake kutoka Newala, husema mtoto huyu alizaliwa wakati wa kuhama, ndiyo maana hajafika mpaka leo.

Wengi wenu mmewahi kumsikia redioni bila kumjua. Lile kundi la Njiapanda, vijana wawili waliokuwa wakichanana kwa mistari mpaka watu wanashika mbavu, mmoja wao alikuwa yeye. Mwingine ni Abdurahmani wa Milola.

Hawakukutana studio, ndugu zangu. Walikutana dirishani. Basi likisimama Mingoyo wauzaji hulikimbilia kila mmoja na chake. Eusebio alikuwa na beseni la korosho za kukaanga, Abdurahmani ana vifuko vya ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha. Siku hiyo dirisha lililofunguliwa lilikuwa moja, wauzaji wawili, na dereva alishaanza kukanyaga mafuta. Hapo hakuna nafasi ya kuulizana habari.

"Dada, usinunue kwa huyo!" Abdurahmani akapaza sauti. "Mmakonde huyo! Korosho hizo kazichonga, ni mti mtupu!"

"Usimsikilize, ni Mmwera!" Eusebio akajibu huku akikimbia ubavuni mwa basi. "Ming'oko hiyo kachimba mkewe, kachemsha mama yake, yeye kazi yake kutafuta kivuli!"

Basi zima likaangua kicheko. Beseni likarudi tupu, na vifuko vikaisha vyote. Kesho yake walilingojea basi pamoja.

Nikuelezeni ninyi mliotoka mbali. Wamwera na Wamakonde kwetu ni watani. Mtani atakwambia lolote, hata mbele ya mkweo, na ruhusa ya kukasirika huna. Ukinuna, mkosaji ni wewe. Lakini mtani huyo huyo ndiye ukifiwa anakuja kuchota maji na kupasua kuni. Atavaa nguo za marehemu wako, atamwigiza mwendo na sauti mpaka ucheke huku machozi yanakutoka. Msiba usio na mtani ni chakula kisicho na chumvi. Kwa hiyo vijana hawa hawakubuni kitu kipya. Waliuchukua utani wa bibi zao wakautia mdundo wa simu.

Mazoezi walifanyia Milola, uani kwa Bi Mwanaima, mama yake Abdurahmani. Bi Mwanaima alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Alikuwa akitoka jikoni, mkono kiunoni, khanga ameifunga juu ya kifua, anawaambia, "Kelele zenu zinaniulia kuku! Mmenisikia?" Kila sentensi yake iliishia hapo, mmenisikia. Kisha anamgeukia Eusebio. "Na wewe Mmakonde, kaa! Unanichimbia ua kwa hiyo miguu. Mmenisikia?" Umi, mkewe Abdurahmani, alikuwa akiwaletea uji na kuwasahihisha mistari. Sikio lake lilikuwa kali kuliko yao wote wawili.

Walianza na sherehe za shule, wakaingia Lindi mjini, wakafika Kilwa Masoko. Huko Pande jenereta lilizima katikati ya onyesho, na wao wakaendelea kuchanana kavukavu, watu wakawapigia makofi badala ya ngoma. Wengine wangekumbuka usiku ule kwa furaha mwaka mzima. Eusebio, kabla jasho halijamkauka, alikuwa anauliza, "Sasa tunakwenda wapi?"

"Tunakwenda kulala, Mmakonde," Abdurahmani akasema. "Hata kinyago hulazwa chini kikimalizwa kuchongwa."

Hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti yao. Msimu wa korosho Abdurahmani alirudi shambani akatulia. Eusebio akimfuata Milola kumhimiza, alizunguka ua mzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ni katika safari moja ya namna hiyo, wakitembea wawili kuelekea shambani, Abdurahmani alipomwambia kwa sauti ya chini kwamba Umi mimba zinamtoka. Imetoka ya kwanza, imetoka na ya pili. Hakumwambia kama mtani. Alimwambia kama ndugu, na Eusebio siku hiyo alitembea polepole mpaka mwisho wa njia.

Baadaye wakaenda Dar es Salaam. Huko walimpata Jerome, mtu wa kusimamia wasanii, anayeongea huku anaandika kwenye simu.

"Wanangu, mnachekesha, lakini kuchekesha hakuvumi," Jerome akawaambia. "Kinachovuma ni bifu. Tengananeni. Kila mmoja atoe wimbo wa kumchana mwenzake, tupate kiki, halafu mje mpatane jukwaani."

Abdurahmani alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani mjini watu wanagombanishwa ili wafanye tunachofanya sisi bure Mingoyo?"

Wakakubali. Wimbo wa Abdurahmani ulitangulia. Ulimsema Eusebio kwamba viatu vyake huvichakaza akiwa amelala, kwamba alilikimbilia basi alilokuwa amepanda. Ukaimbwa kila kona. Eusebio alipoona hivyo hakuweza kukaa. Alizunguka Sinza kutwa nzima akitafuta mstari wa kuuzima ule wa mwenzake, na kila alioupata aliuona mlaini. Mwishowe akaingia studio na mstari uliosema Mmwera analima mwaka hata mwaka, na ghala la Umi ni kapi tupu.

"Hapo umeua, mwanangu!" Jerome akapiga kelele.

Eusebio alijiambia ni utani, na utani hauna mpaka. Hapo ndipo alipokosea hesabu, na kosa hilo angeweza kulifanya mtu wa kwetu peke yake. Uani kwa Bi Mwanaima kila anayesikia anajua nani mtani wa nani, na mtania watu leo ndiye mchota maji wa kesho. Lakini ule wimbo uliingia kwenye simu za watu wasiokuwa watani wa mtu. Lindi sokoni vijana wakawa wanaimba "kapi tupu" Umi akipita na kikapu. Hawakuwa na maji ya kumchotea.

Jerome alingoja wimbo wa kujibu. Mashabiki wakangoja. Eusebio ndiye aliyengoja kuliko wote, maana jibu la Mmwera ndilo lingemwambia kwamba mambo ni shwari. Wimbo haukuja. Akapiga simu.

"Oya, Mmwera! Umeusikia?"

"Nimeusikia, Bwana Eusebio," ilisema sauti ya Abdurahmani. "Habari za nyumbani? Mama hajambo? Basi nakutakia kazi njema."

Simu ikakatwa. Eusebio akabaki anaitazama kama kitu kilichomng'ata.

Aliomba wimbo uondolewe, ukaondolewa, lakini nani angewaondolea watu midomoni? Alirudi Mingoyo na beseni lake. Abdurahmani aliacha kuimba, akawa anasafirisha magunia kwa pikipiki, na kila alipopita njiapanda hakumkwepa. Alisimama, akazima injini, akamsalimu kwa ukamilifu.

"Mmwera, hilo tumbo umeazima kwa nani?" Eusebio alimchokoza siku moja.

"Naam, bwana, nimenenepa kidogo. Alhamdulillahi. Na wewe afya yako?"

Mama Katarina alimkuta mwanawe amesimama katikati ya njia. "Kakutukana nini?"

"Hajanitukana, mama. Ndiyo balaa lenyewe."

Maana mtani akikuita bwana amekutoa kwenye hesabu. Umekuwa mgeni, mtu wa kupewa kiti. Eusebio alijaribu kuimba peke yake Kilwa, akajikuta anamaliza mstari kisha ananyamaza, anasubiri sauti isiyokuwepo. Watu wakadhani amesahau maneno. Akahamia Mtwara, akahamia Masasi, akarudi. Kila alikofika alianza kuuliza basi la kuondokea.

Ndipo kondakta mmoja akaleta habari pale njiapanda. Bi Mwanaima wa Milola amefariki, anazikwa leo.

Eusebio alivaa viatu, akavua, akavaa tena. Basi moja likapita. La pili likapita.

"Huendi?" Mama Katarina akauliza.

"Akinikaribisha kwa 'Bwana Eusebio' mbele ya watu, mama, itakuwa imekwisha. Sitakuwa na mtani tena duniani."

"Mtani hafukuzwi msibani. Lakini mtani pia hajifichi."

Siku ya kuzika ilimpita akiwa pale pale, anatembea kutoka barabara moja hadi nyingine. Alikwenda siku ya kuanua tanga.

Abdurahmani alisimama alipomwona, akaweka mkono kifuani. "Karibu sana, Bwana Eusebio. Ahsante kwa kuja. Kaa hapo mkekani na wageni."

Ndilo neno lile lile aliloliogopa. Akakaa. Kisigino kikaanza. Akalishika goti kwa mikono miwili, wapi. Akainuka, akapita nyuma ya nyumba, akachukua ndoo mbili bila kuuliza mtu, akaenda kisimani. Akarudi, akajaza pipa, akaenda tena. Umi alikuwa mbele ya sufuria kubwa, anasonga ugali, hakugeuka.

Aliporudi na ndoo nyingine ndipo wazo lilipompiga. Mara nyingi alikuwa amempigia Abdurahmani simu, amemvizia njiani, amemtumia salamu kwa kila mwenye pikipiki. Lakini kwa Umi hakuwahi kupeleka hata neno moja. Wala hakuwa amelifikiria. Mstari ule ulikuwa na jina la nani?

Akatua ndoo. "Shemeji."

"Nani shemeji yako?"

"Umi. Nilichukua nilichoambiwa njiani nikakifanya wimbo. Sikusema utani. Nilitaka kushinda. Nimekuja kwako nimechelewa, maana nilikuwa namtafuta mumeo."

Umi aligeuza mwiko, akaukwangua ukingoni mwa sufuria. Wenzake wakawa wanatazama moto.

"Kuni zimekwisha," akasema.

Eusebio akapasua kuni. Alipasua mpaka viganja vikachubuka, akazileta, akazipanga. Umi akazitazama zile kuni, akachomoa khanga iliyokuwa imekunjwa kwenye ungo pembeni yake, akamtupia kifuani.

"Mama alisema siku akifa, yule Mmakonde asiyejua kukaa ndiye amwigize. Tulikungoja siku ya kuzika hukuonekana. Vaa. Na ukimwigiza vibaya nakumwagia jivu."

Akaifunga juu ya kifua. Akatia mkono kiunoni, akatokea mbele kwa mwendo mfupifupi wa Bi Mwanaima, na ile sauti ndefu.

"Kelele zenu zinaniulia kuku! Mmenisikia?"

Bibi mmoja akacheka, kicheko kikamgeukia kuwa kilio, na wengine wakamfuata, kila mmoja kwa lake. Eusebio akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Abdurahmani.

"Na wewe Abdurahmani! Tangu nizikwe umekaa kivulini. Kuni anapasua nani? Maji anachota nani? Mmenisikia?"

Abdurahmani aliinamisha kichwa. Hakuna aliyejua anacheka, analia au anajizuia kusema neno lake la adabu. Eusebio alibaki amesimama na khanga yake, mkono kiunoni.

Sauti ikatoka jikoni. "Mama hakuwa na miguu ya korongo hiyo! Mmakonde, funga khanga vizuri, unatutia aibu mbele ya wageni!"

Alikuwa Umi, amesimama na mwiko mkononi. Watu wakaangua kicheko mpaka mabati yakaitikia. Abdurahmani aliinua kichwa, akamtazama mkewe kwanza. Kisha akamgeukia yule aliyevaa khanga.

"Mmakonde we," akasema. "Hata ungechukua gogo ukalichonga gizani, lingefanana na mama kuliko wewe."

Eusebio akafungua kinywa. Akaishia kuikaza khanga juu ya kifua.

"Jibu basi," Abdurahmani akamwambia. "Basi linaondoka."

Njiapanda hawajatoa wimbo mpya, na mkiniuliza kama watatoa, sina jibu. Abdurahmani anasema ana magunia. Ila sasa akifika Mingoyo anamtukana Eusebio kabla hajazima injini. Umi hajasema kama amesamehe. Juzi alikuwa safarini, basi likasimama pale, Eusebio akamwinulia beseni dirishani. Akaokota korosho moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaing'ata kwa jino moja.

"Hizi umezichonga mwenyewe?" akauliza, akakirudisha kwenye beseni kipande kilichobaki.

Basi likaondoka. Eusebio alilikimbilia mpaka kule magari yanapokata kona, beseni kichwani, akitafuta la kumjibu.