Tangi la Lita Arobaini

Mwaka ule wa pili wa korona nilikuwa nahudumia wazee katika nyumba ya matunzo, magharibi mwa Sydney. Nyumbani kwetu Toongabbie tulikuwa watatu: mimi, mama yangu mwenye mapafu mabovu, na mdogo wangu wa kike. Yeye alikuwa mwanafunzi wa chuo kule Kensington, upande wa pili wa jiji, lakini sasa alisomea mezani jikoni kwa kompyuta. Siku meneja wetu alipotuita na kusema mmoja wa wazee tunaowahudumia kapatikana na korona, nilirudi nikiwa nimeshaamua. Sitalala tena chini ya paa moja na mama.

Mzee mmoja wa kanisa letu, Mkongomani mwenzetu wa mtaa wa Bankstown, alikuwa na karavani kuukuu, kijumba cha kuvutwa na gari, aliyozoea kwenda nayo kupiga kambi. Alituletea kabla amri za kukaa ndani hazijakazwa, akaiegesha nyuma ya nyumba. Ilikuwa na kitanda, jiko dogo, bafu na choo. Nikamuuliza, "Na maji machafu yanakwenda wapi?"

"Dada, kambini mimi hutega ndoo chini ya bomba," akasema, akicheka kwa aibu.

Ndoo ile nilikaa nayo siku mbili. Ya tatu ilifurika nikiwa kazini, na harufu ikaingia hadi chumbani kwa mama. Jioni hiyo nilishika futi nikapima uani. Tundu la bomba la maji taka lilikuwa upande wa pili wa nyumba, mbele ya dirisha la mama. Kulifikia kulitaka kupita ujia mwembamba wenye kokoto, kati ya ukuta na uzio. Kwa kuhesabu ndoo nikajua natumia lita kama ishirini kwa siku.

Duka la vifaa vya kambi, nilikokwenda kutafuta tangi la kubebea maji machafu, halikuruhusu mteja kuingia. Ulisimama mlangoni na barakoa yako, muuzaji akakuletea vitu. Alianza na tangi la lita themanini.

"Wengi huchukua hili," akasema. "Unalifunga nyuma ya gari, unalivuta taratibu mpaka pa kumwagia."

"Gari halipiti kwenye ujia wetu. Nitalivuta mimi."

Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Basi chukua la ishirini, ubebe kwa mkono."

"Hilo litajaa kila siku, na nikirudi kutoka zamu ya muda wa saa kumi na mbili sina mkono wa kubebea. Niletee la arobaini. Lijaze maji."

"Nilijaze?"

"Lita moja ni kilo moja. Nikishindwa kulivuta hapa, na nyumbani nitashindwa."

Alisita, kisha akavuta mpira wa maji kutoka ndani. Tangi la kwanza lilikuwa na magurudumu madogo ya plastiki. Nilipolifikisha kwenye changarawe kando ya maegesho, yalizama na tangi likagoma. Nilivuta mpaka mabega yakauma. "Hili hapana," nikamwambia. Akaleta jingine lenye ujazo uleule, magurudumu mapana ya mpira na mpini mrefu. Hilo lilinifuata. Nikaligeuza ubavu, nikakaza kifuniko na kungoja. Halikuvuja tone. Foleni nyuma yangu ilikuwa imerefuka, na mtu mmoja alikuwa ameanza kuguna, ila sikugeuka.

Mama hakulipenda tangi langu. Kila nilipopita nalo dirishani alifungua kioo.

"Mwanangu, tumekimbia vita, tumekaa kambini Tanzania miaka yote ile, tumefika Australia, ndipo uburute kinyesi chako mbele ya macho yangu? Ingia ndani. Mimi ni mzee, kufa nitakufa tu."

"Utakufa siku yako, mama. Si kwa ugonjwa niliokuletea mimi. Funga dirisha."

Wiki ya nne majibu ya kipimo changu yalirudi: ninao ugonjwa. Mdogo wangu aliniwekea uji kwenye ngazi ya karavani na kukimbia. Alitaka pia kunimwagia tangi, nikamkatalia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimpikia mama na kumpa dawa. Homa ilinimaliza nguvu. Sikungoja lijae tena. Lilipofika nusu nilivaa glavu na barakoa, nikampigia mama simu afunge kioo, nikavuta. Hatua kumi, nashika ukuta, napumua. Hatua kumi nyingine. Siku moja nilikaa chini kwenye kokoto nikalia. Kisha nikanyanyuka, maana tangi lilikuwa bado halijamwagwa.

Lile la themanini, hata nusu yake isingesogea.

Nilipona. Mama alipimwa mara tatu, na mara zote hakuwa nao. Alipomaliza chanjo yake ya pili, na kazini kwetu hali ikatulia, nilisafisha karavani kwa dawa na kulisuuza tangi mara tano. Nikaingia ndani kwa mlango wa jikoni. Mama alikuwa amesimama kando ya meza. Alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, akaninusa shingoni kama anavyonuswa mtoto mchanga.

"Umekonda," akasema. "Kaa ule."

Mzee wa Bankstown alipokuja kuchukua karavani yake, nililifunga tangi kwa kamba ndani yake, karibu na mlango. Akauliza ni la nani.

"Ni lako," nikamwambia. "Ile ndoo nimeitupa."