Faini ya Nzabonimana

Nzabonimana alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache na mabega mapana, na kilima chetu kizima kiliyatumia mabega hayo bila aibu. Alizaliwa Bukavu, akakulia huko, na vita vilipolipuka mwaka 1996 akavuka mto Ruzizi na mama yake mgonjwa. Wanaume wa hapa Butare yetu ya mpakani, ambao hawakumjua hata kwa jina, walishuka hadi barabarani na ingobyi, ile machela ya kusuka tunayobebea wagonjwa, wakampandisha yule mama mpaka juu. Tangu hapo, kila wabebaji walipoitwa, Nzabonimana aliacha mwiko na ukuta wake palepale akaenda. Mke wake Dative alikuwa akinitania kwamba yeye ameolewa, lakini mume ni wa kilima kizima.

Kisha ikaja amri. Ilikuwa mwaka uliofuata mapigano mengine ya Bukavu, yale ya 2004, wakati bado tulikuwa tunapokea ndugu waliokimbia huko. Mama yeyote asizalie tena nyumbani, aende kituo cha afya, na wakunga wa kienyeji waache kazi. Viongozi wetu wakaongeza faini juu yake: nyumba itakayovunja amri itatoa mbuzi. Sitasema sheria ile ilikuwa mbaya. Nimewashika mikono wanawake wakikata roho juu ya mkeka, najua ilitaka kuzuia nini. Hasira yangu ni kwamba ilikuja bila gari. Kituo kiko bondeni, mwendo wa nusu siku ukiwa na mzigo, na mvua ikinyesha njia ni utelezi mtupu. Zamani ingobyi ilitoka mara mojamoja. Sasa ikawa inatoka kwa kila mimba. Mashamba yalilala, wanaume walichoka, wengine wakaanza kujificha wakisikia wanaitwa. Mkutanoni tulipigiwa makofi kwa sababu kilimani kwetu hakuna tena aliyezalia nyumbani. Mabega ya Nzabonimana yalikuwa yamevimba, na hayo hakuna aliyeyapigia makofi.

Asubuhi moja aliitwa kumbeba Honorine, mke wa jirani, ambaye uchungu ulimshika huku anatoka damu. Walipatikana wanaume wanne tu, maana vijana walikuwa zamu kwenye kiwanda cha saruji Muganza au kwenye mpunga Bugarama. Dative naye alikuwa mjamzito, ila siku zake hazijatimia. Wabebaji hawajafika mbali, uchungu ukamshika yeye pia. Niliingia kwake, nikaona mambo yanakwenda mbio, nikamtuma binti yangu Kamikazi awakimbilie wabebaji.

Aliwakuta katikati ya njia. Wenzake walimwambia Nzabonimana arudi kwa mke wake. Lakini hapakuwa na mtu wa kumpokea; akiondoka, Honorine angelazwa kwenye nyasi na damu yake. Kamikazi anasema alisimama, akajifuta uso, akatamka neno moja tu: "Twende." Wakaendelea kushuka.

Huku nyumbani tulimwita Nyiramahoro, mkunga wetu wa zamani. Alikuja akaketi kizingitini, hakuingia. Alikwishaonywa kwamba akimgusa tena mzazi atafungwa, na tulimsihi kwa muda mrefu. Mtoto alipoanza kutanguliza miguu, bibi yule alinawa mikono akaingia, lakini tulikuwa tumechelewa. Alitoka mtoto wa kiume, akalia, kilio chembamba ambacho sisi wote mle ndani tulikisikia. Baada ya kitambo akanyamaza. Dative alikuwa bado amemkumbatia kifuani mumewe aliporudi jioni na habari kwamba Honorine amejifungua salama. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Baada ya mazishi alikuja katibu wa seli, yaani mkuu wa serikali wa hapa kwetu. Alizungumza kwa upole. Alisema hakutakuwa na faini: kwa kuwa mtoto hakuishi, itahesabiwa kwamba hakuna aliyezaa nyumbani, na kilima kitabaki na sifa yake. Nadhani aliamini kweli kwamba anatusaidia. Nzabonimana alimsikiliza hadi mwisho, akamsindikiza mpaka njiani kama mgeni yeyote.

Kesho yake alimfungua mbuzi wao, yule mmoja tu waliyekuwa naye, akampeleka ofisini. Nilimfuata kwa kuogopa kwamba atapigana. Hata sauti hakupaza.

"Mutoto yangu alizaliwa," alimwambia katibu kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. "Alilia. Bamaman balimusikia. Kamata mbuzi."

Katibu aliangalia chini. Akamwambia, Papa Nzabonimana, rudi naye nyumbani, hakuna mtu anayekudai kitu.

"Kama hamukamati faini, ni kusema hakuzaliwa. Na alizaliwa."

Akamfunga mbuzi kwenye nguzo ya baraza, akashika njia ya kurudi kwa Dative. Mbuzi alikaa pale akilia mpaka jioni, na ofisi nzima hapakuwa na aliyethubutu kumfungua.