Kukohoa Nyuma ya Mama Mkwe

Mke wangu ndiye aliyepanga safari ile, na mke wangu ndiye aliyeishia kwenye benchi la kwanza. Aliketi, akavua kiatu kimoja, akakitazama kama mtu aliyesalitiwa, akasema, "Nendeni tu. Mtanikuta hapa." Benchi la kwanza liko mita mia sita kutoka getini. Najua kwa sababu mimi ni mpima ardhi. Kibao kilisema kilomita moja, lakini kibao ni kibao tu.

Mpaka hapo tulikuwa wanne: mke wangu, mama yake, mimi, na mwongozaji wa msitu, binti wa miaka kama ishirini na mitano aliyevaa buti na kuning'iniza simu ya upepo kiunoni. Ukimwondoa mke wangu kwenye orodha hiyo, nabaki mimi na mama mkwe kwenye njia ambayo watu wawili hawapishani bila kugusana mabega. Kwa nilivyolelewa mimi, hilo lilikuwa zito kuliko mlima wenyewe.

Nililelewa Chamwino na bibi yangu, Mgogo asiyeyumba. Kwake yeye mama mkwe hatazamwi usoni, wala huli naye sahani moja. Mkikutana njiani unatoka wewe, unaingia kwenye miiba ikibidi, unageuza uso mpaka apite. Na ukitaka kuingia mahali alipo, unakohoa kwanza ili ajue unakuja. Siku hizi naona vijana wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao. Siwasemi. Mimi nimeoa miaka kumi na moja, na katika miaka yote hiyo nilichomwambia mama mkwe moja kwa moja ni shikamoo, naye akanijibu marahaba, kila mmoja akitazama ukuta wake. Yeye ni Mrangi wa Kondoa. Kwao nako adabu ya mkwe ipo, ingawa nasikia walishaulizana kama mimi nina matatizo.

Mwaka huu macho yalimleta Dodoma mjini. Akafikia kwetu Nkuhungu, nami nikaanza kuingia nyumbani kwangu kwa mlango wa jikoni. Hospitali walisema ni presha ya macho. La kulia lilikuwa limeshazima, hilo tulilijua wote. Kuhusu la kushoto, daktari alituita mimi na mke wangu nje kwenye korido, mama akiwa ameketi ndani. Akasema nalo linakwenda, na linalokwenda halirudi. Matone aliyoandika yalikuwa ya kutuliza maumivu tu. Mke wangu alilia palepale, akajifuta kwa ncha ya mtandio, akaingia ndani na kumwambia mama yake kwamba akitumia matone vizuri atasoma hadi herufi ndogo za Kurani. Tulipofika nyumbani akaniambia na mimi ninyamaze. "Kwako ni rahisi," alisema. "Wewe huongei naye." Ilikuwa kweli, na nilijionea aibu kwa jinsi nilivyofurahi kwamba ilikuwa kweli.

Mama aliomba kitu kimoja tu kabla ya kurudi kijijini. Aione chemchemi. Alizaliwa kando ya msitu ule, juu kwenye milima ya Kondoa, enzi ambazo watu walichota maji humo bila kumwomba mtu ruhusa. Sasa ni hifadhi. Kuna geti, kuna njia za matembezi zenye mishale ya rangi kwenye miti, na huruhusiwi kuingia bila mwongozaji. "Nikaione kwa hili lililobaki," alimwambia binti yake. Nilimsikia, nilikuwa nyuma ya mlango. Kwa miaka kumi na moja mengi ya mama mkwe nimeyasikia nikiwa nyuma ya mlango.

Basi tukapanda. Mwongozaji mbele, mama na fimbo yake katikati, mimi hatua ishirini nyuma. Mwongozaji alikuwa na maneno ya kozini. Alisema njia hii ina ugumu wa wastani, na kwamba tukiwa kimya tutafaidi sauti za ndege. Kimya hatukuwa na shida nacho. Nikiona hatari nilimwambia yeye.

"Mwambie mama kuna jiwe."

"Mama, baba anasema kuna jiwe."

"Mwambie nimeliona."

"Baba, mama anasema ameliona."

Kisha mama akajikwaa kwenye jiwe. Hayo yalitokea mara tatu, kwa mawe matatu. Nikasema ni uzee, na njia yenyewe haikutengenezwa na mtu mwenye mama.

Tulipofika penye miombo mirefu, mwongozaji alisimama akanyoosha mkono kulia, juu kwenye matawi. Kulikuwa na tumbili, kundi zima, wanatutazama kama watu waliokatizwa kikao. Mama akageuza uso kushoto, kulikokuwa na mwamba mtupu. Akautazama kwa muda wa kutosha.

"Wazuri," akasema. "Na watoto wanao."

Mwongozaji, binti mwenye malezi, akakubali kwamba watoto wanao.

Mimi nikabaki nimesimama. Nilikumbuka wiki iliyotangulia, sokoni Majengo, nilipotokea kati ya magunia ya mtama nikakutana uso kwa uso na mama mkwe, hatua mbili tu. Mke wangu alikuwa kwenye kibanda cha pili akibishania bei ya karanga. Mama hakukwepa, hakushtuka, alinipita kichwa juu. Mimi niliruka nyuma ya magunia nikamkanyaga mwenye duka, tukatukanana kidogo. Nyumbani nikamsifu sana kwa mke wangu. Nikasema mama yako ana heshima, hata kope hakupepesa. Kumbe heshima gani! Hakuniona. Kila mtu mwingine angemtazama mara moja tu na kujua, lakini mimi ni mkwe mwema, simtazami. Kilichobaki kwenye lile jicho la kushoto hakikutosha kuona mwanaume mzima na mkoba wake, sembuse chemchemi. Niliumia. Tena nilijikasirikia, na kwa kuwa mwenyewe sikuweza kujipiga, nikapiga teke kigogo.

Hasira haikupata muda. Njia ilikata kona kushoto, mwongozaji akapotelea mbele, na mama akaendelea moja kwa moja kuelekea kwenye mteremko. Mtu mwenye akili angeita, "Mama, simama!" Nilifungua mdomo, miaka kumi na moja ikaufunga. Nikakohoa.

Akasimama, mguu mmoja mbele. Nikazunguka kwenye vichaka, nikatokea upande ambako njia ilikwenda, nikakohoa kutoka huko. Akageuza kichwa, akafuata kikohozi. Tukaenda hivyo hivyo, mimi nikipita kwenye miiba kama bibi alivyofundisha, nikikohoa kila kwenye kona, yeye akifuata. Mwongozaji alitusubiri kwenye kibanda cha kupumzikia, akanitazama kwa huruma.

"Baba, una kifua? Nina pipi za tangawizi."

Nikapokea pipi.

Kwenye kijito kulikuwa na daraja la magogo mawili, ubavu mmoja hauna cha kushika, na mwongozaji alikuwa ameshavuka. Kikohozi hakivushi mtu. Nikaenda mpaka mbele yake, nikashika ncha ya fimbo yake, yeye akashika kishikio, tukavuka tumeshikana kwa urefu wa fimbo. Upande wa pili niliona kwamba jasho limenilowesha shati lote, na kule juu kuna baridi.

Mahali pa kutazamia chemchemi ni mbele kidogo tu. Tulipofika, simu ya upepo ikakoroma: mke wangu alikuwa amemtuma mlinzi wa geti aulize kama mama ameona. Mwongozaji akasogea juu ya kichuguu kutafuta mawasiliano. Tukabaki wawili, mimi nikitazama miguu yangu.

"Baba," mama akasema.

Hapakuwa na baba mwingine pale.

"Naam, mama."

"Mimi naona weupe tu. Nieleze kilichopo."

Nikaeleza kama ninavyoandika ripoti, maana njia nyingine siijui. "Kuna mwamba, mama, mita kama tisa kwenda juu. Maji yanatokea chini yake upande wa mashariki, unene kama wa mkono wangu. Yanaingia kwenye dimbwi, mita tatu kwa nne."

"Na mkuyu? Ulikuwa umeinamia maji. Upo?"

Mkuyu haukuwepo. Kulikuwa na kisiki, benchi la saruji, na kibao cha kukataza takataka. Mke wangu angesema upo, una majani mapya, umejaa ndege, na angeusema vizuri mpaka hata mimi ningeuona. Nilitaka sana kusema upo. Lakini kazi yangu ni kusimama mbele ya watu na kuwaonyesha mpaka wao ulipo, sio pale ambapo wangependa uwe, na mdomo ukishazoea umezoea.

"Haupo, mama. Kuna kisiki. Na benchi."

Akaitikia kwa kichwa. "Aliukata kaka yangu, akachonga mizinga ya nyuki. Nilikuwepo siku hiyo." Akalipapasa benchi kwa fimbo, akaketi. "Nilitaka kujua kama utaniambia. Binti yangu angesema upo, kwa sababu ananipenda. Sasa nawe niambie. Kule nje kwenye korido daktari alisema nini? Maana mlikaa sana, na yule aliporudi sauti yake ilikuwa imelowa. Mficha maradhi kilio humuumbua, baba, nami sitaki watu wanikute naamkia nguzo."

Nilimtazama usoni. Sijui kwa nini nilidhani ni lazima nimtazame, wakati yeye hangejua. Ni mwanamke mwembamba, ana kidoti kwenye shavu kama cha mke wangu, sikuwahi kujua kwamba kimetoka kwake. Macho yalikuwa meusi, mazima kabisa kwa kuyaona, yameelekea kisikini.

"Halirudi, mama," nikasema. "Matone ni ya maumivu tu."

Mama akavuta ncha ya khanga akajifuta pua, akaikunja ncha hiyo vizuri, akaiweka mapajani.

"Ahsante," akasema. Halafu: "Anza tena. Polepole, kuanzia kushoto. Na usinitajie mita, sizijui."

Nikaketi ncha ya pili ya benchi. Nikasema kushoto kabisa, usawa wa maji, kuna jiwe bapa, limelika katikati.

"Hapo tulikuwa tunafulia," akasema. "Endelea."