Pangaboi la Mjomba Salimini

Harufu ya chokaa mbichi siipendi. Watu wengi wa pwani hufurahi wakiisikia, kwao ni dalili ya harusi au mwezi wa Ramadhani u karibu. Mimi nikiisikia, mkono huu wa kulia huanza kuniuma kwenye kiwiko. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Mtongwe, upande wa Likoni, nyumba ya mawe na udongo yenye paa la mabati, na boriti za mkoko zimekatiza juu ya ukumbi kutoka ukuta hadi ukuta. Dada yangu Mwanajuma alikuwa aolewa, na kwetu harusi haiingii nyumba chafu. Tulipaka chokaa kila kitu: kuta, choo, mpaka shina la mnazi wa uani. Na boriti tukazipaka. Ile ya mbele, karibu na mlango, ilikuwa imevujiwa na mvua miaka mingi, na mchwa walishaipandishia njia zao za udongo. Mamangu alizikwangua kwa ufagio wa chelewa, Shangazi Mwanahamisi akapitisha brashi, ikang'aa kama zile nyingine. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini sisi tulidhani twapamba.

Pangaboi tulilokuwa nalo lilikuwa dogo, la zamani, likizunguka polepole na kulia kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini lilikuwa katikati ya ukumbi, kwenye boriti nzima, na miaka yote halikumdondokea mtu. Ndipo akaja Mjomba Salimini, kaka yake mamangu, mfanyakazi wa bandarini, amebeba pangaboi jipya mabegani kama mtu aliyebeba mbuzi. Lilikuwa la chuma, zito, mabawa yake mapana. Zawadi ya harusi, alisema. Hakutaka kuitiwa fundi. Fundi wa nini, na yeye kila siku atazama makreni? Alipanda meza, akalishusha lile la zamani kwa mikono yake, akampa Shangazi Mwanahamisi aliyekuwa amelitolea macho tangu asubuhi. Lile jipya hakuliweka mahali pa lile la kwanza. Alisema wageni wa upande wa mume watakaa karibu na mlango, basi upepo uwafikie wao kwanza, wajue wameoa nyumba gani. Akalitundika kwenye boriti ya mbele kwa waya mnene aliouzungusha mara tatu. Alipoliwasha, watu walipiga vigelegele. Vigelegele, wallahi, kwa pangaboi.

Mwenye kufagia ukumbi kila asubuhi nilikuwa mimi. Siku ya pili niliona unga mwembamba sakafuni, rangi ya udongo, umejipanga duara chini ya pangaboi. Nikafagia. Siku ya tatu upo tena, na zaidi. Niliinua macho nikaona waya umeila ile chokaa, na chini ya chokaa mti umebonyea kama ndizi iliyoiva. Mtoto wa miaka kumi ana akili, msidanganyike. Nilikwenda kwa mamangu, akanambia yuko na nazi arubaini za kukuna. Nikaenda kwa Shangazi Mwanahamisi.

“Shangazi, boriti yatoa unga.”

“Ufagie.”

“Nimeufagia, warudi. Boriti imeoza.”

“Akaa! Mtoto wa kike, harusi ya nduguyo wataja kuoza? Wataka kututia mkosi? Funga mdomo huo!”

Nilimwelewa baadaye sana. Lile la zamani lilikuwa tayari limefungwa chumbani kwake, lampuliza. Kama jipya lingeshushwa, la kwake lingerudi ukumbini. Nikaenda kwa babangu, aliyekuwa akipokea wageni barazani. Alinisikiliza, hilo simnyimi. Aliinuka hata akachungulia. Kisha akanipapasa kichwa akasema, “Mwanangu, ile ni kazi ya shemeji yangu. Nikaikague mbele za watu? Si nitakuwa nimemvua nguo?” Akarudi barazani. Basi hiyo ndiyo heshima yetu: shemeji asivuliwe nguo, mtoto avunjwe mkono.

Nikamwendea mwenyewe. Mjomba alikuwa amekaa chini ya mwembe wa jirani na kahawa yake, amezungukwa na wenziwe. Nilimwamkia, nikamwambia. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. “Njooni mmsikie fundi mkuu huyu! Haya bibi, wewe walijua pangaboi kuliko mimi?” Wenziwe wakacheka nao. Tangu hapo wakaniita Bi Fundi. Nilifagia unga ule siku zote za harusi, na kila nikifagia naitwa Bi Fundi.

Halikuanguka siku ya harusi. Lilisubiri fungate, siku ya tatu, bwana harusi yuko chumbani na mkewe, na mama mkwe wa dada yangu amealikwa chakula cha mchana na jamaa zake. Niliambiwa nitandike mkeka mkubwa ukumbini. Mahali pa kuutandika palikuwa pamoja tu: karibu na mlango, chini ya pangaboi. Nilipiga magoti, nikaunyoosha mkeka kwa mkono wa kulia, na wageni walikuwa mlangoni wanavua viatu. Sikusikia kishindo. Nilisikia sauti kama mtu akivunja muwa, kisha nikaona chokaa nyingi nyeupe. Boriti ilikatika pale pale penye waya. Pangaboi lilinikuta kwenye kiwiko na bega, na sikio hili lina alama mpaka leo. Nakumbuka maneno ya kwanza niliyoyasikia nikiwa chini, na aliyeyasema ni Shangazi Mwanahamisi: “Alhamdulillahi, wakwe hawakudhurika!”

Mkono uliungwa na mzee wa viungo, ukaunga kwa kupinda. Mpaka leo haukunjuki. Wakati ule shuleni kuandika kwa mkono wa kushoto kulikuwa ni bakora, na mimi kwa mkono wa kulia sikuweza kushika kalamu. Nikaishia darasa la nne. Haya mnayoyasoma nimeyaandika kwa huo wa kushoto, taratibu, na kama yana makosa muulizeni Mjomba Salimini. Yu hai. Tukikutana mazikoni huniambia, “Mungu ndiye mpangaji, Bi Fundi.” Mungu hakupanda juu ya meza yetu na waya. Na husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Je, asiyesikia la mdogo? Huyo havunjiki kitu. Huvunjika mdogo mwenyewe.

Sasa nakaa Mishomoroni kwa mwanangu Bakari, nyumba ya matofali, dari ya zege. Mwezi uliopita mjukuu wangu Zuhura, mwenye miaka minane, aliniambia, “Bibi, feni yatikisika.” Ndiyo iliyo juu ya kitanda chake. Bakari akasema ni kawaida, ya zamani hiyo, na ndugu wa mkewe atakuja kuitazama siku akipata nafasi, tukiita fundi atajihisi amedharauliwa. Niliyasikia maneno yale kama nasikia babangu barazani. Nikamwambia Zuhura arudie, aseme kwa sauti, mbele ya babake. Akarudia. Nikaizima feni, nikaketi juu ya kitanda kile, nikasema siondoki mpaka ishuke. Niliketi mpaka laasiri. Walisema bibi ana maudhi. Ninayo.

Fundi aliyekuja anaitwa Kadenge, kutoka Bombolulu. Aliishusha ile ya zamani akatuonyesha ndoano iliyoibeba: kutu imeila, imebaki unene wa sindano ya kushonea magunia. Kadenge akatoboa zege upya, akatia ndoano mpya, akaning'inia hapo kwa uzito wake wote, kisha akafunga feni mpya na kuiwasha. Haikutikisika. Akaanza kukusanya vyombo vyake.

“Ngoja,” nikamwambia. Nikatandika mkeka sakafuni, pale kitanda kilipokuwa kabla ya kusogezwa, chini ya feni. “Lala.”

“Mama, feni iko sawa.”

“Najua. Lala.”

Alimtazama Bakari, Bakari akatazama ukuta. Kadenge akavua viatu, akalala chali, feni yazunguka kwa kasi yake yote juu ya kifua chake. Zuhura alikwenda mbio akaleta kiti changu. Nikakaa.