Ahadi Niliyoinakili Changamwe

Siku yangu ya kwanza kazini Changamwe, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Meneja alinikabidhi taipureta na faili nene la zabuni za zamani. Zabuni ndiyo karatasi inayopelekwa na kampuni ya ujenzi kuomba kazi. Mkadiriaji alishughulikia bei. Mimi nikapewa maelezo ya utendaji, yaani kueleza kwa Kiingereza tutakavyochimba, tutakavyojenga na tutakavyowalinda majirani.

"Bi Mwanaisha, usijisumbue kutunga," Meneja aliniambia. "Nakili yaliyotupa kazi jana, ubadilishe jina la mahali."

Nilifanya hivyo miaka mitatu, huku nikisifiwa. Ndivyo tulivyopata kazi ya zahanati ya Ziwa la Ng'ombe, mtaa ambao sikuwa nimepata kuukanyaga.

Msingi ulipoanza kuchimbwa, Mzee Bakari, mkazi wa pale, alikuja ofisini na bakora yake. Mtaro wetu ulikuwa umekata njia ya kwendea bombani. Mkewe alikuwa ameanguka na ndoo, akavunjika mkono. Nilimwamkia, nikampa kiti.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kugombana. Nataka kujua tu: mlipoomba kazi hii, mlituwaza?"

Nikafungua faili. Nilikuwa nimechapa kwa mkono wangu kwamba njia za wakazi zitabaki wazi muda wote wa ujenzi. Maneno hayo niliyatoa kwenye zabuni ya ghala la Likoni. Nilimsomea kwa Kiswahili.

"Kumbe mliandika," akasema taratibu. "Wallahi, hilo ndilo linaloniuma zaidi."

Nilikwenda kwa Meneja.

"Ile ni lugha ya zabuni tu," akasema. "Nani huisoma?"

"Nimemsomea mzee aliyekaa hapo nje."

Nilijua kazi yangu imekwisha. Kisha akachukua funguo za gari, tukaenda naye saiti pamoja na Mzee Bakari. Meneja aliwaona kina mama wakizunguka uwanja mzima na ndoo kichwani. Akamwamuru msimamizi asimamishe uchimbaji, aweke daraja la mbao lenye vishikio. Hakunifukuza, ila hakunisifu tena.

Mimi niliingia kwa Bi Time, mke wa mzee, kumtaka radhi. Alinishika kwa mkono wake mzima.

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini ungekuja kabla."

Tangu hapo sikuingiza karatasi kwenye taipureta kabla ya kufika mahali penyewe, kuuliza watu wanapita wapi na maji ya mvua husimama wapi. Maelezo yangu yakawa mafupi, ya yale tu tuliyoweza kuyatimiza, na kazi nyingine tulizikosa. Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya tisini.

Vijana hunijia kuuliza siri ya kushinda zabuni. Hiyo siijui vizuri. Waniulize nani aliishi kando ya kila jengo nililoliandikia. Hao naweza kuwataja kwa majina, nyumba kwa nyumba.