Msimamizi wa Watoto wa Wenzake

Fundi viatu wa kona yetu alikuwa na watoto wengi kuliko shule ya chekechea, na hakuna hata mmoja aliyelala kwake. Alikuwa baba wa ubatizo. Wanaume wa kuimba besi kanisani tunao, lakini wenye kipaimara na ndoa ya altareni, kama Kanisa linavyomtaka msimamizi awe, ni adimu kama maziwa ya kuku, kwa hiyo kila familia yenye kichanga ilipitia kibandani kwake kwanza.

Atajifuta gundi viganjani, ashike mshumaa, aahidi mbele ya padri kuwasaidia wazazi kumlea mtoto katika imani. Na alitimiza. Asiyeonekana misani alifuatwa hadi kwao: "Viatu nimekushonea mimi, miguu hiyo naijua. Jumapili ilielekea wapi?"

Mkewe alipomwacha akaenda kwa mwingine, watu walimwambia mvumilivu hula mbivu. Yake ilioza. Miaka ikapita, mjane muuza mkaa akahamia kwake, na kwa mara ya kwanza tukamsikia fundi akicheka bila kuchokozwa.

Ndipo mpwa wake akajifungua, akataka mjomba amsimamie mtoto. Katekista, mama mwenye sauti ya kengele iliyopasuka, akafika kibandani.

"Baba, ndoa yako ya kanisa bado ipo. Huyu wa ndani ni nani?"

"Ni mtu anayeniuliza kama nimekula."

"Swali zuri. Padri ana jingine. Aondoke, au ukae benchi kama sisi wengine."

"Nimewasimamia wa watu wote, mama. Nimkose wa damu yangu?"

"Hilo ni lako, baba."

Jumamosi mjane alifunga nguo zake. Hakulia, hakutukana.

"Nenda kasimame," alisema. "Ila usiseme ni kwa ajili ya Mungu. Umezoea tu kusimama."

Kesho yake padri alimuuliza kama yuko tayari kuwasaidia wazazi. Ilibidi padri arudie.

"Niko tayari," alisema, kama mtu anayejibu polisi.

Baada ya misa, nyumbani kwa mpwa, meza ilikuwa imeshatandikwa. Mpwa alimtazama mjomba mlangoni, kisha akachungulia nyuma yake.

"Mjomba, mama wa kwako yuko wapi? Nimemwekea kiti karibu na mtoto, wazoeane."

"Amesafiri."

"Leo?"

Fundi akaketi. Wakampa mtoto ampakate, maana wengine walikuwa na sahani mikononi. Kile kiti cha mjane, mtu akakiwekea mkoba wake.