Baba Alivyosikiliza Vita vya Ukraine

Redio ya baba ilikaa mlangoni, juu ya kinu kilichopinduliwa, na taarifa ya habari ya jioni kijiji chetu kizima cha Sepuka kiliisikia, watake wasitake. Masikio ya mzee yalikuwa yamebaki kwenye vita vya Kagera. Alikuwa askari wa ile mizinga ya roketi waliyoiita saba saba. Alirudi mzima wa viungo vyote, ila kusikia ndiyo basi tena. Mwenyewe hakukubali hata kidogo. Ukipaza sauti ili akusikie, anakugeukia: "Unamfokea nani?"

Ukraine ilipovamiwa, dada yangu alikuwa huko akisomea udaktari, na sisi tulikuwa kwenye palizi ya alizeti. Tangu siku ile vita vikahamia uani kwetu. Redio ikitaja wajumbe wanaokutana kutafuta njia ya raia kutoka, baba anasonya, "Wanakunywa chai tu hao." Lakini ole wako ukohoe wakati wakitajwa. Nilipomweleza habari za ndege zisizo na rubani, aliuliza, "Sasa hiyo itamwonea nani huruma?"

Dada alipiga simu kila jioni kutoka chumba cha chini ya bweni lao, chenye kidirisha kimoja, walikojificha. Mishindo tuliisikia sisi sote kwenye spika ya simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sogeza simu dirishani nisikilize."

Basi mzee anaibana simu sikioni, macho kayafumba, na nyumba nzima inanyamaza. Mama aliacha mlenda ufurike jikoni. Baadaye baba anatoa hukumu kama yuko kikosini: "Hiyo iko mbali, mwanangu. Inaelekea kwingine. Lala."

Mtu asiyesikia jogoo wa dirishani kwake! Niliogopa kweli, maana dada angeweza kumwamini na kubaki pale alipo.

Wajumbe wakakubaliana, njia ikafunguliwa, dada akapanda treni akavuka mpaka. Baba alizunguka kijiji kizima akiwasifu watu wale wale aliowasonya, eti chai yao haikuwa ya bure.

Mzee ametutoka. Namkumbuka sana, hata zile kelele za redio yake ninazitamani. Dada alipokuja likizo tuliketi mlangoni, karibu na kile kinu, nikaona sasa nimwambie.

"Dada, mzee alikuwa hasikii kitu kwenye ile simu."

Alicheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nilijua tangu nikiwa kule kule. Jioni moja nililia sana, nikazima maiki asije akanisikia. Hakuna sauti iliyotoka kwangu, hata ya pumzi. Akasikiliza kimya kile weee, halafu akaniambia iko mbali, mwanangu, lala."

"Ukafanyaje?"

"Nikalala."